KELELE ZA MASHINE ZINAWALA VIJANA MASIKIO

UKIPITA maskani yoyote ya Ngamiani saa za jioni, hukosi kumkuta mzee mmoja anayesemwa vibaya. Vijana wanamwamkia "shikamoo", hajibu. Wanasema anaringa. Wengine wanasema ana hasira za uzee. Ulizeni kwanza alikuwa akifanya kazi gani. Mtaambiwa alikuwa korona miaka ishirini, au karakana ya reli, au alikuwa akikata vyuma. Mzee wa watu haringi, hasikii!

Mkonge uliingia kwetu mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 za singa kwa mwaka, na Tanga ikawa mji kwa jasho la manamba. Tani zilihesabiwa, paundi zikahesabiwa. Masikio ya mtu anayelisha majani kwenye korona, pale ngoma za visu zinapozunguka na kuponda kutwa nzima, nani aliyahesabu?

Tusidhani hayo ni mambo ya zamani. Korona bado zinanguruma kutoka Muheza hadi Korogwe. Mjini kuna vijana wanaokata geti kwa grenda kuanzia asubuhi, kuna wa mashine za mbao, na kuna wa mashine za kusaga walio ndani ya kibanda cha bati pamoja na injini. Bati halinyonyi sauti hata kidogo, linairudisha sikioni.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na hapa ndipo wakubwa wanapotupiga chenga, maana desibeli haiendi kama kilo. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu ya kelele imekuwa maradufu. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wengi duniani ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Ikifika 88, mwisho ni saa 4. Ikifika 91, saa 2. Ikifika 100, ni dakika 15 basi, umemaliza fungu lako la siku nzima! Sasa kijana aliyeshika grenda tangu chai ya asubuhi hadi alasiri ajipigie hesabu mwenyewe.

Watafiti walipima viwanda vinne vya chuma hapa nchini na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Wastani wa kelele waliyokuwa wakipata wafanyakazi ulikuwa desibeli 92. Kwa hesabu tuliyoitoa hapo juu, hiyo ni kelele ya kuvumiliwa kama saa moja na nusu, nao wanapiga zamu nzima. Walipopimwa masikio, karibu 48 katika kila 100 walikuwa na dalili za kupoteza usikivu. Walimu wa shule waliolinganishwa nao walikuwa 31. Tofauti hiyo imetoka wapi kama si kwenye mashine?

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikishafa havioti tena, hata uende India. Vinavyotangulia kufa ni vile vya sauti nyembamba. Mtu anasikia kwamba unaongea lakini "sita" na "fika" kwake ni kitu kimoja. Kisha unakuja mlio kama wa mbu usioondoka, hasa usiku. Ukitoka kazini masikio yanavuma, usiseme umezoea. Na wale wanaochomeka spika za simu masikioni na kuongeza muziki ili uishinde grenda, hao wanajipiga mara mbili.

Tena kuna ile ya "mwanaume haogopi kelele". Sikio halijui uanaume.

Matajiri nao wana ujanja wao. Akija mkaguzi, vijana wanagawiwa vijipamba, mambo yamekwisha. Pamba ya kawaida ni danganya toto. Na hata viziba masikio vya kweli ni silaha ya mwisho. Kwanza ni mashine yenyewe: beringi iliyokwisha ibadilishwe, nati zilizolegea zikazwe, ekzosi iliyotoboka ishughulikiwe, injini ijengewe ukuta au isogezwe. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili kelele inapungua kwa desibeli zipatazo 6. Halafu watu wapokezane, asikae mmoja pale pale kutwa. Hayo yote yakishafanyika na kelele bado ipo, ndipo vije viziba masikio, tena kwa gharama ya mwajiri.

Serikali haiwezi kusema haikujua. Mwaka 1983 Tanzania iliridhia Mkataba Namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu hewa chafu, kelele na mtikisiko kazini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilipitishwa mwaka 2003, na Wakala wake, OSHA, upo. Sheria hiyo inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na baadaye kila baada ya muda. Je, kibarua wa kutwa anayechukuliwa getini saa kumi na mbili asubuhi, asiye na hata kipande cha karatasi, kapimwa na nani?

Hapo ndipo penye dhuluma yenyewe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, mwajiri ndiye anayeuchangia, na maradhi yatokanayo na kazi yamo ndani yake. Lakini uziwi wa mashine huja polepole, miaka kumi, kumi na mitano. Siku kijana anapokwenda kudai, anaambiwa "ulikuja na uziwi wako". Bila cheti cha masikio cha siku aliyoanza, atabishaje? Kipimo cha kwanza ndicho ushahidi wake.

Tunawataka OSHA watueleze wananchi wa Tanga: ni sehemu ngapi za kazi katika mkoa huu zimepimwa kelele, lini, na desibeli zilikuwa ngapi? Hiyo si siri ya jeshi.

Nanyi vijana msikae kungoja. Simama mita moja na mwenzako. Kama inabidi upige kelele ndipo akusikie, hapo mmekaribia 85 au mmezipita. Mwaka 2017 taasisi ya NIOSH ya Marekani ilitoa programu ya bure ya kupimia kelele kwa simu za iPhone (najua, nani huku ana iPhone, lakini mtaani haikosi ya kuazima). Haitoshi kwa mahakama, inatosha kumfanya meneja aeleze. Andikeni tarehe, mashine na namba mliyoipata. Kisha mwakilishi wenu wa usalama, ambaye sheria inataka awepo, ampelekee tajiri karatasi hiyo na adai kipimo cha kweli. Na majibu yakija yabandikwe kwenye mlango wa korona, kwa Kiswahili, kila kibarua ayasome kabla hajaingia.