Mshahara ukikoma, matibabu nayo yakome?

Katika miji ya madini ya Katanga, mtumishi wa kampuni kubwa alikuwa na hospitali yake. Yeye, bibi yake na watoto wake waliingia na karatasi ya kampuni, wakapimwa, wakapewa dawa, wakarudi nyumbani bila kufungua mfuko. Siku alipoacha kazi, karatasi ile ilikufa. Tansiyo yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Hapo ndipo penye kosa ambalo nchi yetu haijasahihisha. Tunamlinda mtu akiwa na nguvu, tunamwacha akizeeka. Serikali imeanzisha mpango wa afya kwa wote, ule unaojulikana kwa herufi CSU, na tangu mwezi wa 9 mwaka 2023 imeanza kulipia uzazi, kwanza Kinshasa, kisha katika majimbo mengine. Ni hatua nzuri, na mama aliyejifungua bila kuzuiliwa hospitalini juu ya deni anaijua thamani yake. Lakini hatua inayofuata inapaswa kuwa ya wazee, na mlango wa kuingilia uwe umri peke yake, si karatasi ya mshahara.

Tuangalie kwanza sheria zinasema nini, kwani wengi wetu tunachanganya mambo. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwagiza mwajiri amtibishe mfanyakazi na jamaa yake anapougua. Wajibu huo unafuata mkataba. Mkataba ukiisha, nao unaisha. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Familia nyingi zilitambua wakati ule kwamba kilichoondoka hakikuwa mshahara tu.

Wengine wanadhani mfuko wa CNSS utachukua nafasi ya mwajiri. Haufanyi hivyo. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliupa mfuko huo matawi matatu: msaada kwa familia, ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na pansiyo. Kila mwezi mfuko unapokea 18 kwa mia ya mshahara, 13 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi. Mtu anaweza kulipa hivyo maisha yake yote ya kazi, akafika miaka 60, akapata pansiyo, na bado akakosa mtu wa kumlipia dawa ya sukari. Ugonjwa wa kawaida wa uzee haumo katika matawi hayo. Watumishi wa serikali nao wana mfuko wao wa pansiyo, CNSSAP. Walimu wana mituweli yao, ambayo mchango wake unakatwa kwenye mshahara. Swali ni lile lile: mshahara ukikoma, je?

Na hao wote tuliowataja ni wachache. Mama aliyeuza unga sokoni miaka 40, mkulima wa Kalemie, mvuvi wa Moba, fundi wa baiskeli wa Kisangani, hawakuwahi kuwa na karatasi ya mshahara hata siku moja. Kwao hakuna mwajiri, hakuna CNSS. Kuna watoto, kama wapo, na kama watoto wenyewe wana kazi. Kila familia ya mji inajua namna inavyokwenda: ujumbe unaingia kwenye simu saa 4 ya usiku, baba amelazwa, kila mmoja atume alicho nacho. Mkubwa anatuma dola 20, mdogo anasema anangoja mwisho wa mwezi, binti aliyeolewa anauza kitenge. Mgonjwa anapona, lakini haruhusiwi kutoka mpaka deni liishe. Huo ndio bima yetu ya uzee kwa sasa, na unawamaliza vijana pamoja na wazee.

Mlango uliobaki ni mituweli ya afya. Nchi ina sheria juu yake tangu mwezi wa 2 mwaka 2017, na Kivu ya Kusini ina historia ndefu ya mituweli zilizokuzwa kando ya vituo vya afya vya makanisa. Wazo lake ni zuri: wengi wanachanga kidogo, anayeugua anatibiwa. Lakini mzee anayefika mlangoni anakuta masharti ambayo hakuna aliyemweleza. Mituweli nyingi zinaandikisha jamaa nzima, si mtu mmoja, na mjane anayeishi peke yake hajui ajiandikishe na nani. Zinakuwa na kipindi cha kungoja, miezi kadhaa ambamo unalipa lakini hutibiwi bado. Zinamwachia mgonjwa sehemu ya kulipa mwenyewe. Na mara nyingi zinalipia siku za kulazwa, si dawa ya kila siku. Mwenye tansiyo hahitaji kitanda. Anahitaji kidonge kila asubuhi mpaka mwisho wa maisha yake.

Kwa hiyo, msomaji unayetaka kumwandikisha mzazi wako mwaka huu, usilipe kabla ya kuuliza mambo manne. Anaweza kutibiwa wapi, na je, kituo hicho anaweza kukifikia kwa mguu? Atangoja miezi mingapi? Atalipa sehemu gani mwenyewe? Dawa za ugonjwa usiopona zimo ao hazimo? Asiyeweza kukujibu, na jibu hilo liwe kwenye karatasi, usimpe feza zako.

Si sisi peke yetu tuliokutana na tatizo hili. Marekani, ambako ndugu zetu wengi wamehamia, ilikuwa na wazee wa namna hiyo hadi mwaka 1965, wakati Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria ya Medicare. Kigezo kikuu kikawa umri: miaka 65. Aliyefanya kazi na kulipa kodi yake kwa miaka 10, yeye ao mwenzake wa ndoa, halipi mchango wa sehemu ya hospitali. Mgeni asiye na miaka hiyo ya kazi anapaswa kuwa na kibali cha kudumu na awe ameishi huko miaka 5 mfululizo ndipo aweze kujiunga kwa kulipa.

Lakini Marekani inatufundisha pia hatari ya upande mwingine, yaani uchaguzi mwingi kupita kiasi. Mzee wa huko anachagua kati ya mpango wa serikali na mipango ya makampuni, kisha anachagua bima ya dawa. Ana dirisha la miezi 7 kuzunguka siku yake ya kuzaliwa. Akichelewa kujiandikisha kwenye sehemu ya kulipia waganga bila kuwa na bima nyingine inayokubalika, mchango wake unapandishwa 10 kwa mia kwa kila mwaka mzima aliochelewa, na nyongeza hiyo inamfuata muda wote atakaokuwa na bima ile. Kwa mtu wa miaka 65 aliyesoma, hayo ni mzigo. Kwa bibi zetu wasiosoma Kifaransa, ingekuwa mtego. Sisi tunapaswa kutengeneza mpango mmoja, wenye masharti yanayoweza kuelezwa kwa dakika 2 katika lugha ya mtaani.

Tanzania nayo imetuonyesha jambo. Siasa yake ya afya ya mwaka 2007 iliweka matibabu ya bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Neno liliandikwa vizuri, lakini wazee wa huko wamelalamika miaka mingi kwamba wanaonwa na mganga bure, kisha wanatumwa kununua dawa nje. Dawa ikikosekana, kile kilichoitwa bure kinabaki kwenye karatasi.

Tunajua watakaosema: feza zitatoka wapi? Jibu liko katika hesabu ya watu. Kongo ni nchi ya vijana, na wenye miaka 65 na zaidi ni karibu 3 kwa mia tu ya wakaaji. Hata tukianzia miaka 60, kundi si kubwa. Tena kidonge cha tansiyo ni bei ndogo kuliko kumlaza mtu aliyepooza upande mmoja, na kumchukua binti yake kutoka sokoni ili amgeuze kitandani. Serikali tayari ina Mfuko wa Mshikamano wa Afya unaolipa vituo kwa ajili ya uzazi. Njia iliyochimbwa kwa ajili ya mama inaweza kumpitisha na mzee.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kadi ya uchaguzi itoshe kuonyesha umri. Wengi wa wazee wetu hawana cheti cha kuzaliwa, na wasiadhibiwe kwa kuwa walizaliwa kijijini kabla ya ofisi kufika. Pili, kifurushi kiwe kimoja na kiandikwe ukutani kwenye kila kituo: kupimwa, dawa za tansiyo na sukari, macho, na upasuaji wa lazima. Tatu, vituo vilipwe kwa wakati. Mganga asiyelipwa ataanza kudai chini ya meza, na mzee ndiye wa kwanza kugeuzwa mlangoni.

Hatuombi huruma. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba mtu mzee ana haki ya ulinzi wa pekee unaolingana na mahitaji yake. Hayo maneno yana karibu miaka 20 sasa. Aliyekuwa na miaka 60 siku yalipoandikwa, kama yungali hai, anakaribia 80. Wabunge wanapokaa kujadili bajeti, watafute mstari wenye jina lake. Kama haumo, wauweke.