Kukuza Roketi si Kuzidisha Vipimo Tu

Wapo wadhanio kwamba roketi kubwa ni kielelezo kidogo kilichorefushwa. La hasha! Ukizidisha kila kipimo mara 2, kwa malighafi ileile, eneo la mwavuli wake huongezeka mara 4 ilhali uzito huongezeka mara 8. Roketi hiyo itashuka kwa kasi zaidi na huenda ikavunjika. Mnamo Aprili 2009, Steve Eves wa Marekani alirusha kielelezo cha Saturn V alichokiunda mwenyewe, chenye uzito uliozidi kilo 700, nacho kikarejea salama kwa miavuli. Hayo hayapatikani bila hesabu.

Eneo, uzito, kasi, mwavuli: maneno tunayo. Anayedai Kiswahili hakimudu sayansi, na aanze kukitumia.