Mlevi Aelekezwe Wapi?



Katika ziara zetu za vigangoni wakati wa Kwaresima, Tume ilitarajia kuulizwa habari za mashamba na mirathi, kama ilivyo desturi. Tuliulizwa. Lakini swali lililotushinda lilitoka kwa mama mmoja aliyesubiri wenzake waondoke, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mume wangu amekubali kwamba pombe imemshinda. Anataka kuacha. Nimpeleke wapi?" Tulitazamana. Hapana aliyekuwa na jibu.

Twaona haya kulikiri jambo hili, kwa kuwa kumhukumu mlevi tunakujua sana. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo huombewa kwa kutajwa jina, majirani wakisikia na watoto wake pia. Kisha ifikapo sikukuu ya somo wa parokia, kreti za bia hupangwa nyuma ya jukwaa, na anayekataa kunywa huulizwa kama anaumwa. Sisi tunaoandika haya tumekunywa bia hizo.

Uraibu wa pombe ni ugonjwa, na ndivyo unavyohesabiwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo lilikadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019. Ni suala la haki vilevile, maana fedha ya kahawa ikiishia kilabuni, anayelipa ni mtoto aliyekosa daftari na mama anayelala nje ya nyumba yake. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wengi tulifurahi. Hata hivyo, sheria yaweza kuondoa pakiti dukani. Haiwezi kumketisha mtu na mwenzake aliyepita njia hiyo hiyo.

Na hapo ndipo penye msaada. Mwaka 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama katika mji wa Akron, Marekani, biashara yake ikiwa imeharibika. Akiwa hotelini, baa ikimvuta, alipiga simu kwa mchungaji mmoja akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hakutafuta mhubiri. Kwa njia hiyo alifikishwa kwa daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith, na kutokana na mazungumzo yao kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Mwaka 1939 mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia, alianza kuwapokea wagonjwa wa namna hiyo katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso mjini humo, wakati ambapo hospitali nyingi ziliwakataa.

Kundi la namna hii halitozi ada. Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Si la dhehebu lolote, hivyo Mwislamu na Mlutheri hukaa pamoja na Mkatoliki, na yasemwayo ndani hayatoki nje. Jamaa za walevi nao wana makundi yao, Al-Anon, tangu mwaka 1951. Akina mama wengi wangefaidika nayo hata kama mume hajakubali lolote.

Basi aulizwe nani? Katika miji mikubwa, muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya mkoa au afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuanza naye. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi. Lakini itazameni nyumba kabla ya kumwacha mtu humo: wanaofunga watu kwa minyororo au kuwachapa hawaponyi, nasi tungependa kuarifiwa habari zao.

Tena tuna onyo, kwa sababu baadhi ya wazee wetu wamekuwa wakishauri kinyume. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asifungiwe ndani ili aache ghafla. Katika siku za kwanza aweza kutetemeka, kupatwa na degedege, kuweweseka, na hata kufa. Apelekwe kwanza kwa mganga wa zahanati au hospitali, asimamiwe kwa dawa, kundi litamngojea.

Vigangoni hakuna makundi. Hiyo si sababu ya kukata tamaa, kwani wale wa Akron walikuwa wawili. Wajibu wetu walei ni kutoa mahali na kisha kukaa mbali: tusiandike mahudhurio, tusitume katekista akasikilize, tusitangaze majina kwenye matangazo ya Dominika. Tunajua kwamba la mwisho litakuwa gumu kwetu.

Mume wa mama yule, ambaye ameturuhusu kuandika haya, alianza kwa kwenda hospitali. Tangu Pasaka amekutana mara tano na mwalimu mstaafu wa kigango cha jirani, aliyeacha pombe miaka tisa iliyopita bila sisi kujua. Wameiomba parokia kitu kimoja: chumba ambacho njia ya kukifikia haipiti mbele ya kilabu. Halmashauri ya walei imewapa stoo ya zamani ya kwaya, na ufunguo wanao wao.