Funguo za data yetu ziko kwa nani?

Kila mara mtandao wa kijamii unapowafungia mlango watengenezaji programu wa nje, sababu tunayopewa ni ile ile: faragha yako wewe mtumiaji. Mimi ninakula kwa kuandika programu, kwa hivyo mtadhani nitapiga kelele kila mlango ukifungwa. La hasha. Kuna milango ambayo ilifungwa nami nikafurahi. Lakini siku hizi kabla ya kufurahi huuliza kwanza: mlango umefungwa, sawa, ufunguo amebaki nao nani?

Kwa wale wasioshinda kwenye msimbo, mlango wenyewe huitwa API. Hapo ndipo programu yangu hupiga hodi kwenye kompyuta za Facebook au Reddit na kusema: fulani ameniruhusu, nipe orodha ya marafiki wake, au yale aliyoandika. Bila mlango huo utabaki kuchungulia dirishani, yaani kuandika programu inayosoma ukurasa mmoja mmoja na kuokota kilichomo, jambo ambalo kampuni nyingi hulikataza katika masharti yao.

Facebook ilifungua jukwaa lake kwa watu wa nje mwezi wa Mei 2007. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2008, Google ikaleta Friend Connect, kifaa ambacho mwenye tovuti ndogo angeweza kukibandika ili mgeni awaone marafiki zake wa Facebook pale pale. Wiki moja haikupita, Facebook ikakizuia, ikidai kwamba habari za watumiaji zinasambazwa bila wao kujua. Huenda ni kweli. Ila siku chache kabla ya hapo Facebook yenyewe ilikuwa imetangaza Facebook Connect, kifaa cha kazi hiyo hiyo! Google nayo haikuwa malaika. Novemba 2010 iliizuia Facebook kuchota anwani za Gmail kupitia API mpaka nayo ikubali kutoa za kwake. Facebook ikafanya nini? Ikawaelekeza watumiaji kwenye kitufe cha Google cha kupakua anwani zao, kisha wazipakie wenyewe. Nilicheka sana. Fahali wawili hao, na nyasi ni mimi na wewe.

Mlango ambao ulistahili kufungwa ni ule wa marafiki. Zamani ukiiruhusu programu fulani ya Facebook, ilipata habari zako na za marafiki zako pia, ambao hawakuulizwa chochote. Ndivyo programu ya maswali ya Aleksandr Kogan, iliyowekwa na watu wapatao 270,000, ilivyofikia data ambayo Facebook ilikiri mwaka 2018 kwamba huenda ni ya watu milioni 87. Data hiyo ikaishia kwa Cambridge Analytica. Hapa Kenya tuliisikia habari hiyo kwa sikio la tofauti, kwa sababu mkuu mmoja wa kampuni hiyo alinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 akijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. (Kujigamba si ushahidi, na sijaona ushahidi kwamba data ile ya Kogan ilitumika kwetu. Lakini hamu ya kuitumia ipo, hilo hatuna haja ya kubishana.)

Facebook ilitangaza kuufunga mlango huo Aprili 2014, na programu za zamani zikapewa mwaka mzima. Nilisema heko. Kisha Desemba 2018 Bunge la Uingereza likachapisha barua pepe za ndani za Facebook, na humo tukaona kwamba Januari 2013, siku ile ile Twitter ilipozindua Vine, Zuckerberg aliidhinisha Vine ikatwe isiwapate marafiki wa watumiaji wake. Hapo faragha haikuwa hoja. Hoja ilikuwa mshindani.

Reddit ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mwaka 2023 iliweka bei ya API, senti 24 za dola kwa kila maombi 1,000. Senti 24 unaziona kidogo, lakini mtengenezaji wa Apollo alipiga hesabu akapata dola milioni 20 kwa mwaka, na Juni 30 akafunga duka. Maelfu ya mabaraza yalizimwa kwa siku kadhaa kupinga. Wasioona, ambao walitegemea programu za nje kwa kuwa ile ya Reddit haikuwafaa, ilibidi waombewe msamaha wa bei. Kisha Februari 2024 ikaripotiwa kwamba Reddit imeiuzia Google haki ya kutumia maandishi hayo kufundisha akili bandia, kwa takriban dola milioni 60 kila mwaka. Maandishi yaliyoandikwa bure, yakachujwa na wasimamizi wa kujitolea. Data haikufungiwa. Ilipandishwa bei tu.

Twitter nayo ilifuta API ya bure ya kusoma data mwaka huo huo wa 2023 na kuiwekea kiwango cha chini cha dola 100 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 13,000 wakati ule. Kwa kampuni ya San Francisco hizo ni pesa za chai. Kwa mwanafunzi wa Eldoret anayetaka kujaribu wazo, hiyo ni kodi ya nyumba. Ushahidi ilizaliwa hapa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na baadaye ikawa inakusanya taarifa za maafa kutoka Twitter pia. Kijana mwenye wazo kama hilo leo ataanza na nini?

Ninachotaka si kila kitu kiachwe wazi. Changu nikifungue mimi, cha rafiki akifungue rafiki, na kampuni isiuze kwa mkubwa kile ilichomnyima mdogo kwa jina la faragha. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, tayari inakupa haki ya kupewa data yako ili uipeleke kwingine. Lakini jaribu kupakua data yako ya Facebook, kisha ufungue faili ya marafiki. Utakuta majina na tarehe mlizounganishwa, basi. Hakuna chochote ambacho programu nyingine inaweza kukitumia kuwatambua.