Mwenye Wimbo ni Nani?

Ipo hukumu moja ipitishwayo kwa wepesi mno katika mambo ya nyimbo: kwamba aliyetangulia ndiye mwenye mali, na ajaye nyuma yake ni mwigaji tu, hata aimbe vizuri namna gani. Hukumu hii huvutia kwa sababu yafanana na uadilifu. Lakini kufanana na uadilifu si kuwa uadilifu, na wimbo mmoja wa Marekani watosha kuipindua.

Mwaka 1965, mjini Memphis, Otis Redding alirekodi wimbo alioutunga mwenyewe uitwao Respect, yaani heshima. Asemaye katika wimbo huo ni mwanamume arudiye nyumbani na fedha mkononi. Haombi mengi; yu radhi hata kukosewa akiwa mbali, mradi aheshimiwe atiapo mguu mlangoni. Ngoma na tarumbeta zaenda mbio, na sauti yake yakwaruza kama ya mtu aliyechoka kungoja. Ni wimbo mzuri, na mwenye kuudunisha hajui muziki wa soul. Ulifika nafasi ya 4 katika orodha ya nyimbo za watu weusi, na ya 35 katika orodha kuu ya nchi.

Tarehe 14 Februari 1967, mjini New York, Aretha Franklin aliurekodi wimbo ule ule. "Ule ule" ni neno la karani wa hesabu, si la msikilizaji. Mwenye kudai sasa ni mwanamke, na fedha za mwanamume hazimtishi, maana anazo zake. Yule mwanamume alisamehe kosa mapema ili apate heshima. Mwanamke huyu aahidi kuwa hatakosa, basi heshima kwake si fadhila bali ni deni. Maneno machache yamegeuzwa, na ombi limekuwa dai. Wimbo wa Otis haukuwa na kipande cha kati. Hapa imetiwa saksafoni ya King Curtis, juu ya mfuatano wa sauti uliochukuliwa katika wimbo wa Sam na Dave. Kisha Aretha alitaja lile neno herufi moja moja, kama mwalimu amfundishaye mwanafunzi mzito, na nduguze, Carolyn na Erma, wakamwitikia. Hayo kwa Otis hayamo hata chembe, nayo ndiyo ulimwengu uyakumbukayo. Mwezi wa Juni 1967 wimbo ulishika nafasi ya 1 katika orodha kuu kwa majuma mawili, na waliokuwa wakidai haki, wanawake na watu weusi, wakaufanya wao.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hana sababu ya kustaajabu. Sayyid Abdallah bin Nasir alitwaa beti zinazonasibishwa na Liyongo akazitia takhmisa, akiongeza mishororo yake hata kila ubeti ukatimia mitano. Nani aliyemwita mwizi? Katika malumbano, mshairi humjibu mwenzake kwa bahari ile ile na vina vile vile, na jawabu huhesabiwa kuwa shairi kamili. Aretha alimjibu Otis.

Watetezi wa aliyetangulia watasema kwamba mlango huu ukifunguliwa, kila mnyang'anyi atapita. Ni kweli unyang'anyi ulikuwapo. Mwaka 1956 Pat Boone aliitoa Tutti Frutti ya Little Richard ikiwa imepozwa moto wake wote, akampita mwenyewe katika orodha kuu. Lakini Boone hakujibu neno. Alichukua soko tu. Kipimo basi si nani alitangulia, bali ajaye ameongeza nini.

Kosa hili lingekuwa la mabarazani tu lisingedhuru mtu. Lakini limeandikwa katika sheria. Kwa sheria ya Marekani, kituo cha redio kipigapo santuri humlipa mtunzi na mchapishaji wake, mwimbaji halipwi. Mkataba wa Roma wa 1961 ulifungua njia ya kuwalipa waimbaji, lakini Marekani haikujiunga nao. Hivyo, kila redio za huko zilipopiga Respect ya Aretha, ujira ulikwenda upande wa Otis, na baada yake kufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, ukawaendea warithi wake. Aretha aliishi hadi tarehe 16 Agosti 2018 bila kupokea senti ya ujira huo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu aliimba kwao nusu karne, na redio za kwao hazikumtunza.

Haki ya Otis isipunguzwe. Ya Aretha iongezwe kando yake. Mtunzi mwenyewe alikwisha kuliona jambo. Mwezi ule ule wa Juni 1967, jukwaani Monterey, aliwaambia watu kwa mzaha kwamba msichana mmoja amemnyang'anya wimbo huo. Mtunzi alikiri huku akicheka kwamba wimbo umepata mwenyewe wa pili. Watunga sheria, wasiotunga hata ubeti mmoja, ndio waliokataa.