Tusiwachanganye makabaila na waungwana

Baadhi ya walimu na wanafunzi wetu huamini kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja tu katika Kiswahili. Udhaifu wa imani hiyo hudhihirika pale neno "nobility" linapotafsiriwa. Aghalabu huandikwa "ukabaila", na mambo yakaishia hapo. Kwa maoni yangu, kufanya hivyo ni kumpotosha msomaji.

Yafaa ifahamike kwamba neno hilo lina maana mbili. Asili yake ni Kilatini, ambako lilimhusu mtu ajulikanaye, mwenye jina. Likawa pia jina la tabaka la watu waliorithi vyeo, mfano wa malodi wa Uingereza. Wafaransa walilifuta tabaka lao kisheria mwaka wa 1790. Lakini neno lilo hilo hutaja pia ubora wa nia na mwenendo, ambao haurithiwi wala haufutwi kwa sheria.

Tuchukue tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Brutus ni mtu wa ukoo mkubwa wa Roma. Hata hivyo, Antony anapomsifu kwa neno hilo mwishoni, hasifu nasaba yake, bali nia yake njema, kwani wenzake walimwua Caesar kwa husuda. Mwanafunzi akiandika hapo kwamba Brutus alikuwa kabaila kuwashinda Warumi wote, atakuwa amegeuza sifa kuwa lawama. Katika maandishi ya siasa, kama vile Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, ukabaila hutajwa sambamba na ubepari kuwa mfumo wa unyonyaji.

Neno lifaalo hapo ni "uungwana". Nalo lina historia yake. Katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na heshima yake ilitokana na kuzaliwa. Hatimaye Waswahili wenyewe walilipanua neno hilo, wakatuachia methali kwamba uungwana ni vitendo. Kiingereza nacho kilitoka kwenye nasaba kikafika kwenye tabia.

Hivyo basi, nawasihi walimu wawazoeze wanafunzi kujiuliza kwanza: hapa panazungumzwa ukoo au mwenendo? Naye msahihishaji asimnyime alama mwanafunzi aliyeandika "uungwana" mahali pake, eti kwa kuwa kamusi iliyo mezani imetoa neno jingine. Mtoto huyo amefanya lile tunalomfundishia lugha: amesoma, akafahamu, ndipo akachagua neno.