Tuanze kukagua mishono ya bwawa la topesumu

Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu lililokuwa likivuja. Julai mwaka huohuo serikali ikaamuru bwawa hilo lisitumike. Faini kubwa huvuta macho, lakini kinachoamua kama mto utapona ni kile kilichotandikwa chini ya tope.

Siku hizi mabwawa ya aina hiyo hutandikwa utando mweusi wa plastiki ngumu, wahandisi huuita jiomembreni, wenye unene wa milimita 1.5 au 2. Huletwa umeviringishwa kama mkeka. Ukishatandazwa, kingo huunganishwa kwa mashine ya moto inayoacha mistari miwili ya mshono na mfereji mwembamba katikati. Fundi huziba ncha za mfereji, akajaza upepo kwa sindano, kisha akaikodolea macho geji kwa dakika kadhaa. Mshale ukishuka kupita kiwango, mshono una kasoro na lazima urudiwe. Plastiki nzima haivuji kwa kiasi cha kutisha. Balaa hupitia kwenye mshono mbovu, jiwe lililosahauliwa chini, au tingatinga lililopita juu wakati wa kufukia. Ndiyo maana kibali cha kujaza bwawa kisitolewe kwa kuonyesha stakabadhi ya kununulia utando. Kitolewe kwa kumbukumbu ya kila mshono, iliyothibitishwa na mkaguzi asiyelipwa na mkandarasi, na nakala ikae ofisi ya kijiji.

Wapo wasemao mfinyanzi unatosha, tena ni wa hapahapa. Hawajakosea kabisa: utando uliolala juu ya mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri ni bora kuliko kimojawapo peke yake, kwani tundu likitokea udongo hupunguza kasi ya maji. Lakini mfinyanzi mtupu ukikauka hupasuka, kama ajuavyo kila aliyepita mbuga za Kanda ya Ziwa wakati wa kiangazi. Wengine husema utando huibwa, na hoja hiyo ni nzito zaidi. Maji ya mgodi huohuo yalipoingia mto Tigithe mwaka 2009, kampuni ilieleza kuwa watu walikuwa wameiba utando. Hata tukiyapokea maelezo hayo, yanatufundisha kuweka utando wa pili chini ya ule wa kwanza, na kati yao tabaka la kupeleka mvujo kwenye kisima cha ukaguzi. Maji yakionekana kisimani, mgodi hujua kabla ya mto, na Tigithe huingia mto Mara, nao Mara Ziwa Victoria.

Gharama? Mgodi mkubwa uliowahi kutozwa mabilioni hauna pa kujifichia hapo. Wachenjuaji wadogo wa dhahabu wanaoloweka marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji wa kwanza, kwa sayanidi wana haki ya kulalamika. Hao waungane kutumia eneo moja lililotandikwa na kukaguliwa, badala ya kila mmoja kuhangaika na nailoni yake ya dukani. Wala utando hauzuii ukuta kubomoka, kama ulivyobomoka ule wa bwawa la mgodi wa Mwadui Novemba 2022. Hiyo ni kazi nyingine, nayo ina vipimo vyake. Kwa sasa, diwani ambaye kata yake ina bwawa la topesumu anaweza kuanza kwa kudai karatasi moja tu: ile ya vipimo vya mishono.